Jibu la Mteja: Bado

Benchi letu liko mkabala na ofisi ya maji, chini ya kibaraza cha duka la picha lililokwisha kufungwa. Kusema kweli si benchi, ni mlango. Bawaba, ambaye ni seremala, alimtengenezea mtu mlango wa mbao ngumu, mwenyewe hakurudi kuuchukua, basi ukalazwa juu ya matofali, kitasa kikaachwa palepale, na anayechelewa kufika ndiye anayekikalia. Kuanzia saa tatu asubuhi Mama Birika anatuletea kahawa, nasi tunaanza kutatua mambo ya watu ambao hawajatuomba. Tupo wanne. Yupo Bawaba huyo, mgane tangu mwezi wa tatu. Yupo Kipaza, fundi wa pikipiki, anayeongea kana kwamba kuna injini inanguruma kando yake hata pakiwa kimya. Yupo Dokta, ambaye hajawahi kumtibu mtu, anauza kwenye duka la dawa hapo pembeni. Na nipo mimi. Wananiita Dirisha kwa sababu nilikaa dirisha namba tatu la ofisi hiyo hiyo ya maji miaka kumi na tisa, hadi nilipostaafu mwishoni mwa mwezi wa pili. Nilikuwa namaliza watu tisini kwa siku. Cheti cha Mfanyakazi Bora kiko sebuleni kwangu, na sikuwahi kukionea haya mpaka siku hii ninayowasimulia.

Siku hiyo palikuwa na mawingu mazito yasiyo na nia yoyote ya kunyesha. Bawaba alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne, akaketi juu ya kitasa ingawa nafasi ilikuwepo, na hakusalimia mtu.

KIPAZA: We Bawaba, umelala wapi? Macho kama umeyapiga msasa.

BAWABA: Sijalala.

DOKTA: Nikupe kitu cha usingizi? Nusu kidonge tu, unalala kama mtoto.

BAWABA: Usingizi ninao. Wamekuja tena jana.

Hapakuwa na haja ya kuuliza ni akina nani. Ofisi ya maji ilipata meneja mpya mwezi wa nne, na meneja mpya akaja na utaratibu mpya. Zamani, sitawaficha, lalamiko tulilifunga sisi wenyewe. Ikifika saa kumi jioni unapiga muhuri, LIMESHUGHULIKIWA, unachukua koti lako unaondoka. Sasa wamebandika bango kubwa mlangoni: lalamiko halifungwi mpaka mteja mwenyewe aseme ameridhika. Wakayafufua mafaili yote ya mwaka huu. Kila wanapomaliza kazi kwa mtu, mtu huyo anatumiwa ujumbe kwenye simu, umeridhika, jibu NDIYO au BADO, na akijibu BADO wanarudi. Mabomba yaliyokuwa yakivuja tangu enzi za baba zetu yakazibwa. Hata mimi, pamoja na kijiba cha roho nilichokuwa nacho, nilikiri kwamba hapo wamepatia. Ila katika mafaili hayo lilikuwamo la mke wa Bawaba, ambaye alikwenda kulalamika mwezi wa kwanza na kufariki mwezi wa tatu.

BAWABA: Mara ya kwanza wakabadilisha mita. Nikasema sawa, asanteni. Wakamtumia mke wangu ujumbe kwenye namba yake. Wiki iliyofuata hao wamerudi, wananionyesha kwenye karatasi, jibu la mteja, BADO.

KIPAZA: Mara ya pili bomba.

BAWABA: Bomba lote, kutoka barabarani mpaka uani. BADO. Mara ya tatu wakachukua maji kwenye chupa wakaenda kuyapima. Maji hayana tatizo. BADO. Na jana wameniachia hii.

Alinipa mimi ile karatasi, maana fomu za mle ndani nazisoma hata nikiwa nimesinzia. Ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, kesho saa mbili asubuhi mafundi watavunja sakafu ya jikoni kutafuta bomba la zamani. La pili, mume akipenda, aweke sahihi hapo chini kwa niaba ya mteja, kwamba mteja ameridhika, na faili lifungwe leo kabla ya saa kumi.

MAMA BIRIKA: Sakafu ya jikoni? Si ile aliyoisakafia mwenyewe?

BAWABA: Kwa mikono yake, shemeji. Mimi nilikuwa nimemwahidi nitaifanya, miaka miwili namwambia wiki ijayo. Siku moja narudi nakuta kamaliza. Alama ya kiganja chake iko pale karibu na jiko, alipojiegemeza ili ainuke.

KIPAZA: Basi weka sahihi, uiokoe sakafu yako. Kalamu hii hapa.

BAWABA: Niseme ameridhika?

KIPAZA: Useme.

BAWABA: Na yeye mwenyewe anasema bado?

Kipaza akairudisha kalamu mfukoni. Hapo ndipo rafiki yetu alipokuwa amebanwa, na sote tuliona. Akikataa, wanamvunjia kitu pekee nyumbani chenye mkono wa mke wake. Akikubali, anamfunga mdomo mke wake kwa sahihi yake yeye. Nilimwonea huruma mpaka kahawa ikanishinda.

DOKTA: Jamani, tuongee kama watu wazima. Marehemu hajibu ujumbe. Laini yake kapewa mtu mwingine, mtu huyo anaona habari za maji asizozijua, anabonyeza chochote. Imekwisha.

BAWABA: Laini yake ninayo.

Akatoa leso, akaifungua juu ya benchi. Ndani mlikuwa na simu ndogo ya vitufe iliyotenganishwa: mfuniko peke yake, betri peke yake, laini peke yake.

BAWABA: Niliifungua wiki ile ya mazishi. Haijawashwa tangu hapo. Natembea nayo tu.

Dokta aliiokota ile laini, akaisogeza karibu na miwani yake, akairudisha kwenye leso taratibu. Kisha akajifuta vidole kwenye suruali.

KIPAZA: Mimi hawa nawajua. Kuna chumba kule ghorofani, wamewekwa watu kumi, kazi yao kuandika BADO kutwa nzima. Kwani malalamiko yakiisha, meneja mpya si ataonekana hana kazi?

MIMI: Ofisi ile haina ghorofa, Kipaza. Na unaiona kutoka hapo ulipokaa.

KIPAZA: Basi kiko chini.

DOKTA: Au ni mtambo wenyewe. Ujumbe unatoka kwenye mtambo, majibu yanarudi kwenye mtambo. Umesoma malalamiko ya watu mpaka umejua mteja anavyofikiri. Sasa hauhitaji tena mteja, unajilalamikia wenyewe.

MAMA BIRIKA: Mtambo haungojei miezi mitano. Anayengoja hivyo ni mtu.

Alikuwa anamimina huku akisema, na mkono wake, ambao kwa kawaida haumwagi hata tone, ulimwaga kidogo kwenye kisahani changu.

MAMA BIRIKA: Mimi nasema, na mnicheke mkitaka. Kosa ni lile bango. Mmemwambia mtu jambo lako halifungwi mpaka useme mwenyewe. Hamkuandika mpaka lini. Hamkuandika akiwa hai. Mtu amewaamini, amekaa anangoja zamu yake, halafu ninyi mnashangaa kwamba hajaondoka.



KIPAZA: Ngojeni niwaambie kitu basi. Mlinzi wao nilimtengenezea pikipiki juzi. Anasema ile mashine ya kutoa namba za foleni, siku hizi asubuhi haianzi na moja. Anafungua mlango yeye mwenyewe, ndani hamna hata panya, mteja wa kwanza anaingia anabonyeza, anapewa arobaini na tatu.

DOKTA: Mlinzi huyo anapiga pombe.

KIPAZA: Hagusi. Na anasema zile arobaini na mbili za mwanzo zote zimepangiwa dirisha moja.

MIMI: Lipi?

KIPAZA: Unaniuliza mimi?

Wote wakanigeukia kwa pamoja.

MIMI: Mnanitazama nini? Mimi nimestaafu.

DOKTA: Hatukulaumu, kaka. Swali tu. Katika miaka yako yote ile, ni wangapi uliowafungia kabla hawajasema?

Nilitaka kumpa jibu la kumkata maini, maana Dokta naye anawauzia watu dawa ya kikohozi kabla hawajamaliza kukohoa.  Badala yake nilijikuta nayatazama madirisha ya ofisi ile kutoka nje, jambo ambalo katika miaka kumi na tisa sikuwahi kulifanya, na nikaona kwamba ukiwa upande huu, vioo vile vinakurudishia uso wako mwenyewe tu.

BAWABA: Mpigieni.

KIPAZA: Nani?

BAWABA: Yeye. Namba naijua kwa kichwa. Nimejaribu mara tatu, vidole vinakataa.

Dokta, kwa kuwa yeye ndiye asiyeamini, alitoa simu yake. Akabonyeza namba kama alivyotajiwa, akaweka spika, akailaza katikati ya vikombe, kando ya ile simu iliyotenganishwa. Tukawa tunangojea ile sauti ya kike inayokuambia namba haipatikani. Badala yake ikaita. Ikaita mara nne, ikapokelewa.

Hapakuwa na halo. Palikuwa na maji yanaingia kwenye ndoo ya plastiki. Unaijua sauti ile, inaanza nzito, inapanda kadiri ndoo inavyojaa. Ikapanda, ikapanda, na ilipokaribia ukingoni mkono wa mtu ukafunga bomba. Yakadondoka matone mawili, kisha kimya.

DOKTA: Halo? Halo, naongea na nani?

Kimya.

DOKTA: Samahani, nadhani nimekosea namba.

Kimya, na simu haikatwi. Kimya kile mimi nilikitambua. Laini ikikatika haisikiki vile. Kile kilikuwa kimya cha mteja aliyekwisha fika mbele ya dirisha na anangoja uinue kichwa. Nilikaa mbele ya kimya hicho kutwa kucha, naandika, nimeinama, na kila mara nilikuwa najua kwamba mtu yupo.

KIPAZA: Kata hiyo simu.

Alinong'ona, na Kipaza sijawahi kumsikia akinong'ona. Dokta akanyoosha kidole, kikasita juu ya kitufe, akakirudisha. Hakuna aliyekata.

Ndipo mlango wa ofisi ukafunguliwa, na dada mmoja mwenye kitambulisho shingoni akavuka barabara kuja moja kwa moja kwetu, faili la kijani kifuani. Sura yake nilikuwa sijawahi kuiona kwa karibu, ila nilijua ni nani. Ndiye waliyempa kiti changu.

DADA: Shikamooni.

Tuliitikia kwa kukwama kwama.

DADA: Samahanini. Namtafuta mzee ambaye kesho mafundi wanamvunjia sakafu. Nimeambiwa nitampata hapa.

BAWABA: Ndiye mimi, mwanangu. Umekuja kuchukua sahihi.

DADA: Meneja ameniagiza sahihi, ndiyo. Faili lililobaki wazi ni hili moja tu na anataka kupeleka ripoti. Lakini jana nimekaa nalo, nimelisoma mara tatu, kuna kitu sikielewi. Nikaona nije niulize kwanza, kabla hatujavunja nyumba ya mtu.

BAWABA: Uliza.

DADA: Mama alikuwa anataka nini?

Swali lenyewe ndilo hilo, la maneno manne. 

DOKTA: Si maji?

DADA: Maji yalikuwa yanatoka. Imeandikwa hapa.

KIPAZA: Yalikuwa yanatoka kidogo kidogo.

DADA: Alisema hivyo?

KIPAZA: Si ndivyo wanavyosema wote.

MAMA BIRIKA: Labda bili. Au mita ilikuwa inakimbia.

DADA: Alikuambia, mama?

Mama Birika akaiweka birika chini. Akasema hapana. Akasema siku ile rafiki yake, mke wa Bawaba, alipita hapa mapema, akanunua kikombe, akakishika mpaka kikapoa. Alimuuliza unakwenda wapi, akajibiwa ofisi ya maji. "Nikamwambia wahi, foleni ni ndefu," alisema Mama Birika. "Ndilo neno la mwisho nililompa la maana."

DADA: Na wewe, baba? Kwako alisemaje?

BAWABA: Alikuja karakana asubuhi. Nilikuwa napiga randa. Akasema anakwenda ofisi ya maji, kuna jambo. Nikasema sawa.

DADA: Jambo gani?

BAWABA: Nilisema sawa.

DADA: Baadaye, aliporudi?

BAWABA: Nilimuuliza, vipi, wamekuhudumia? Akasema bado. Nikasema watakuja tu.

Alizitazama sehemu za simu kwenye leso kana kwamba ndiyo kwanza anaziona. Ndoa yao ilikuwa na miaka thelathini na moja.

DADA: Mnisamehe, siwashitaki. Ni kwamba hapa kwenye aina ya lalamiko pametiwa alama Mengineyo. Na pale pa maelezo pako wazi, hamna hata neno. Mafundi miezi yote wanabahatisha. Wamejaribu mita, bomba, maji yenyewe, sasa wanataka sakafu. Wanafanya kazi kwa bidii kweli, lakini hawajui wanatengeneza nini. Huyu aliyejaza fomu ningempata ningemuuliza.

Fomu ilikuwa inanitazama mimi kichwa chini. Sahihi yako unaijua hata ikiwa kichwa chini.

MIMI: Ni mimi.

Nikawaeleza, kwa kuwa sasa sikuwa na pa kukimbilia. Watu tisini kwa siku hawamalizwi kwa kusikilizwa. Nilikuwa na utaratibu wangu: fomu naijaza kabla mtu hajakaa vizuri. Jina, namba ya nyumba, namba ya mita. Mtu akionekana ana maneno mengi, namtilia alama Mengineyo, maana aina nyingine zote zinadai maelezo na Mengineyo haidai. Ujanja huo niliuvumbua mwenyewe na nikaujivunia, hata wa dirisha namba nne nilimfundisha. Mke wa Bawaba uso wake siukumbuki, kwa sababu sikuinua kichwa. Nakumbuka mikono. Ilikuwa juu ya kaunta, vidole vimefumbatana, na sauti juu yake ikasema, "Siyo hivyo kaka yangu, ni kwamba..." Mimi nikagonga kengele nikaita anayefuata.

BAWABA: Ni kwamba nini?

MIMI: Sijui.

BAWABA: Dirisha. Ni kwamba nini?

MIMI: Sikumsikiliza, ndugu yangu. Nisamehe.

 Mtu mzima mimi nililia pale benchini, mchana kweupe, mbele ya ofisi niliyoagwa kwa keki na makofi, na sikuwa na haja ya kujificha.

Katikati ya vikombe simu ya Dokta ilikuwa bado inahesabu dakika. Dada akaiona.

DADA: Kuna mtu hapo?

DOKTA: Mteja wako.

Alitutazama mmoja mmoja. Nadhani alikuwa anatafuta anayecheka, hakumpata. Nikajua sasa ataondoka, na nisingemlaumu. Hakuondoka. Aliketi kwenye benchi kati yangu na Bawaba, akalifungua faili magotini, akatafuta ile sehemu ya maelezo iliyo wazi, na akatoa kifuniko cha kalamu.

DADA: Muulize wewe, baba. Mimi nitaandika.

KIPAZA: Saa kumi ikifika je? Meneja wako si anataka ripoti?

DADA: Atangoja.

Bawaba akaikunja ile karatasi ya sahihi bila kuitia sahihi, akaisogeza mbali. Akaivuta simu karibu yake kwa vidole viwili. Alikohoa kidogo, akaweka sawa kola ya shati lake, akainama.

BAWABA: Mama watoto. Siku ile ulikuwa unataka kusema nini?

Akanyamaza. Nasi tukanyamaza, kila mtu kwa juhudi zake, Kipaza kajiziba mdomo kwa kiganja chenye grisi, mimi nimeuma midomo nisije nikamalizia sentensi ya mtu kwa mazoea. Hakuna aliyesema halo. Hakuna aliyemharakisha. Tulikaa hivyo muda mrefu sana, mpaka kahawa ikapoa na mvuke ukaisha vikombeni.

Kisha, upande ule wa pili, tukasikia kiti kikivutwa taratibu, na mtu akikaa vizuri ili aanze kueleza.